Jinsi ya kupata marafiki wa ushairi mtandaoni na kutiana moyo bila kudanganyana

Kama unaandika mashairi usiku shughuli zikiisha, na hapo ulipo hakuna hata mmoja anayeelewa kwa nini unahangaika nusu saa kutafuta kina kimoja tu, mwongozo huu ni wako. Nimeona washairi wengi wachanga wakiacha kuandika na karibu wote hawakuachishwa na ukali wa wakosoaji, waliachishwa na kimya, yaani mtu anaposti shairi alilolisotea wiki nzima, anarudi kuangalia, hakuna kitu, anarudi tena, kuna kidole gumba kimoja kutoka kwa binamu yake ambaye hata hakulisoma, basi anajiambia mimi si mshairi na mambo yanaishia hapo. Kwa hiyo kila hatua utakayoisoma hapa inahusu jambo moja, mshairi anahitaji msomaji kabla ya kuhitaji sifa, na wewe ukitaka kuwa rafiki wa washairi anza kwa kuwa msomaji wao.

Emily Dickinson, yule mshairi wa Marekani, mwaka 1862 alimwandikia barua mtu ambaye walikuwa hawajaonana bado, Thomas Wentworth Higginson, akamuuliza kama ana nafasi ya kumwambia iwapo mashairi yake yana uhai. Higginson wala hakuyaelewa vizuri mashairi yale, aliyaona ya ajabu ajabu, ila alijibu, na akaendelea kujibu kwa miaka, na baadaye Dickinson akamwambia kwamba alimwokoa maisha bila mwenyewe kujua. Mtu ambaye hakuwa mkosoaji bora! Alichofanya ni kusoma na kujibu. Hilo hata wewe unaliweza leo hii ukiwa na simu tu.

Hatua ya 1: Tafuta watu wachache wanaosoma

Wengi wanaanza na umati. Wanajiunga na grupu la watu mia tatu, wanatupa shairi humo, dakika kumi baadaye limeshafunikwa na salamu za asubuhi, matangazo na video za kufowadi. Umati si mbaya ila huko hupati urafiki. Watu watano mpaka wanane wanaosoma kweli wanatosha kabisa, hata wawili wanatosha.

Utawapataje? Nenda kwenye mashairi unayoyapenda ushuke kwenye komenti, halafu tafuta yule aliyeandika sentensi nzima kuhusu shairi, siyo aliyeweka imoji za moto. Huyo anasoma. Mfuate kwa adabu, "Habari dada, nimependa ulivyolieleza lile shairi la mvua, na mimi naandika kidogo, unaonaje tuwe tunasomeana?" Kama ni mtu mzima kwako anza na shikamoo, mwite mwalimu au ustadhi kama wenzake wanavyomwita, usimrukie na shairi lako la beti ishirini kwenye ujumbe wa kwanza. Akikubali vizuri, asipojibu usimsumbue, watu wana mambo mengi.

Mkishakuwa wachache fungueni grupu dogo na mkubaliane mapema vitu vichache, kwa mfano kila mtu shairi moja kwa wiki, asiyeleta shairi bado anasoma, na kinachowekwa humu hakitoki humu bila ruhusa ya mwenyewe. Hilo la mwisho msilichukulie poa, nitalirudia chini.

Hatua ya 2: Soma na ujibu kabla hujaposti la kwako

Ukiingia mahali pageni kaa siku kadhaa ukisoma. Jibu mashairi ya wenzako matatu manne ndipo ulete lako. Siyo ujanja wa kutafuta laiki, ni kwamba ukishasoma wenzako unajua nani anaandika kuhusu nini, nani anashika arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, na nani anaandika mashairi huru yasiyofuata kanuni hizo, nani ana msiba, nani ndo anaanza, na wao wanakuzoea, kwa hiyo shairi lako likifika linafika kutoka kwa mtu wanayemjua.

Hatua ya 3: Sema unataka nini

Hii ni ndogo ila inaokoa urafiki mwingi sana. Juu ya shairi weka mstari mmoja unaosema unataka lisomweje. "Limetoka leo, naomba mlisome tu, msilichambue." Au, "Nataka kulipeleka mashindanoni, nikosoeni bila huruma." Au, "Ubeti wa tatu unanisumbua, naomba macho hapo." Ugomvi mwingi kwenye magrupu unatokea kwa sababu mmoja alitaka kusikilizwa, mwenzake akadhani ameitwa kusahihisha. Na kama mwenzako hakusema anataka nini, muulize kabla hujaanza kupasua shairi lake.

Hatua ya 4: Liweke shairi lisomeke kwenye simu

Wengi watakusoma kwenye skrini nyembamba. Mshororo, yaani mstari wa shairi, wenye mizani (silabi) 16 hautoshei, unakatika popote simu inapotaka na vina vya kati vinapotea machoni. Basi weka ukwapi, ile nusu ya kwanza, mstari wake na utao, nusu ya pili, mstari unaofuata, au geuza simu uangalie mwenyewe kabla ya kutuma. Nafasi tupu unazoweka mwanzo wa mstari sehemu nyingi zinafutwa ukishaposti, kwa hiyo kama shairi lako huru linategemea mpangilio wa nafasi, jitumie mwenyewe kwanza uone. Nyota nazo kwenye WhatsApp zinageuza maneno kuwa wino mzito, ukitaka kutenganisha beti acha tu mstari mtupu.

Tuma maandishi, usitume picha ya maandishi yenye maua nyuma. Najua inapendeza, ila kwenye picha mwenzako hawezi kunakili mstari mmoja ili auzungumzie, na msomaji asiyeona ambaye simu yake humsomea kwa sauti anabaki nje kabisa. Ukitaka uzuri tuma maandishi halafu ongeza voisi ukilighani mwenyewe, hapo watu wanakusikia unapopumua na unapokazia, na mara nyingi shairi lililoonekana la kawaida linasimama.

Na usianze kwa kujishusha, mambo ya "samahani mimi si mtaalamu hili ni takataka tu". Msomaji anaanza kusoma akitafuta takataka.

Hatua ya 5: Jinsi ya kukomenti

Hapa ndipo penye urafiki wenyewe kwa hiyo nitakaa kidogo.

"Hongera sana, kazi nzuri, kalamu isikauke." Ni maneno mazuri na sisemi uyaache, lakini jaribu hivi, chukua komenti yako uibandike chini ya shairi lingine lolote. Kama inakaa vilevile, basi hujalisema shairi hili, na mwenye shairi anajua. Washairi wanajua haraka sana nani amesoma na nani amepita.

Kinachofanya kazi ni kutaja mstari. Unaunakili ule uliokushika unamwambia umekufanya nini. Tuseme mwenzako kaandika shairi la kungoja barua. Mwambie, "Hapo unaposema umeketi peke yako nilimwona kabisa mtu aliyekaa anageukia mlango kila kikisikika kishindo, na hukuutaja mlango hata mara moja." Hapo umempa kitu ambacho hakuna idadi ya laiki inayoweza kumpa, umemwonyesha shairi lake likiwa kichwani kwa mtu mwingine. Mara nyingi mwenyewe hakujua kama mstari ule una nguvu hiyo, na shairi lijalo utaona anauendeleza.

Pia mwambie ulichoelewa, hata kama unahisi umeelewa tofauti. "Mimi nimelisoma kama mzazi anayemngoja mtoto, nimekosea?" Kama yeye alimwandikia mchumba atafurahi au atashtuka, na vyote vinamsaidia, maana sasa anaona shairi linafungua mlango gani bila yeye kuwepo kulieleza. Halafu uliza swali moja, moja tu, la mtu anayetaka kujua kweli, kwa mfano kwa nini ubeti wa mwisho umeacha kibwagizo.

Kama hukulielewa shairi? Sema ulipofika. "Mpaka ubeti wa pili nilikuwa na wewe, wa tatu nikapotea." Huo ni msaada mkubwa kuliko kujifanya umeguswa. Na kama halikukugusa kabisa, si lazima useme uongo, tafuta mstari mmoja ulio hai uutaje huo, karibu kila shairi linao hata la mwanafunzi wa wiki moja, na ukishindwa kabisa kuupata, soma tena kesho kabla hujaamua haupo.

Hatua ya 6: Kukosoa bila kumvunja mtu

Omba ruhusa kwanza, nenda inboksi kama mtu ndo anaanza, na taja jambo moja. Moja. Ukimpa makosa kumi na mbili kwa mpigo hata kama yote ni ya kweli hatarekebisha hata moja, atafunga daftari.

Halafu liwe jambo linaloonekana, siyo "halina ladha". Tuchukue mshororo wa yule wa barua:

Nimeketi peke yangu, nasubiri barua

Hesabu. Ukwapi, ni-me-ke-ti-pe-ke-ya-ngu, mizani nane, safi. Utao, na-su-bi-ri-ba-ru-a, mizani saba. Umepungua mmoja. Sasa badala ya kumwambia "jifunze arudhi", mwandikie, "Kaka huu mshororo nimeupenda, ila utao una mizani saba, ukisema naisubiri barua inafika nane, au unaonaje mwenyewe?" Anaona tatizo, anaona njia, na uamuzi unabaki wake. Kosa lingine la wanaoanza ni ile m inayosimama peke yake, wanaandika mtoto wanahesabu mizani miwili wakati ni mitatu, m-to-to. Ukimwonyesha mara moja hatasahau.

Usimwandikie ubeti mzima mpya hata kama wako ni mzuri zaidi. Ukifanya hivyo umelichukua shairi, na yeye anabaki na jina lake juu ya maneno yako, haimjengi na moyoni inamuuma. Mwonyeshe mahali, mwachie kazi.

Neno kuhusu mashairi huru na ya arudhi, maana magrupu mengi yanavunjikia hapa. Washairi wa Kiswahili waligombana sana juu ya jambo hili miaka ya 1970 na bado wapo wanaogombana. Mimi naona hivi, mkosoe mtu kwa kipimo alichojichagulia mwenyewe. Aliyeandika tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, mpimie vina na mizani, aliyeandika huru usimwambie hana vina, muulize kwa nini mstari umekatika pale ulipokatika na picha zake zinaelekea wapi. Kumwambia mtu wa shairi huru "hili si shairi" hakujawahi kumfanya mtu yeyote aandike vizuri zaidi.

Ukikosolewa wewe, usijibu siku hiyo hiyo zaidi ya kusema asante nimesoma. Lala nayo. Asubuhi chukua inayokusaidia, iache nyingine, na huhitaji kumthibitishia mtu kwamba alikosea. Ila wakitaja wasomaji wawili watatu sehemu ile ile bila kuambiana, hapo pana shida, hata kama dawa wanayopendekeza siyo.

Hatua ya 7: Jibizaneni kwa mashairi

Hii kwangu ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kumtia mtu moyo, na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna urithi mkubwa hapa. Gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923 lilikuwa likichapisha mashairi ya wasomaji, na kujibizana kwa beti kumekuwa desturi ya kurasa za magazeti kwa miaka mingi tangu hapo, fulani anauliza, wa mbali asiyemjua anamjibu. Na si sisi tu. China ya karne ya 9 walikuwepo marafiki wawili, Bai Juyi na Yuan Zhen, watumishi wa serikali waliopelekwa mbali mbali, wakawa wanatumiana mashairi, mmoja akijibu kwa vina vile vile vya mwenzake. Yuan Zhen alifariki mwaka 831 na Bai aliendelea kumtungia rafiki yake miaka mingi baada ya hapo.

Namna ya kufanya ni rahisi. Tuseme rafiki yako kaposti ubeti huu wa kukata tamaa:

Usiku umeshafika
Kalamu nimeishika
Neno halijanitoka
Karatasi bado tupu

Unaweza kumwandikia "pole usikate tamaa". Au unachukua kina chake cha mwisho, ile pu, unakibeba kwenye jibu lako:

Neno si la kulazimu
Lina siku na msimu
Iweke chini kalamu
Moyo wako si mtupu

Ukichukua kina cha mtu amejua umemsoma mpaka silabi ya mwisho, hahitaji kuambiwa. Na mara nyingi atajibu tena, na hapo yule aliyesema hana neno ameshaandika beti mbili. Mkizoea jaribuni mambo makubwa zaidi, kama takhmisa, unachukua beti za mwenzako unaziongezea mishororo yako mpaka kila ubeti uwe na mishororo mitano, ila muulize kwanza. Na wa mashairi huru nao wanaweza, chukua mstari wa mwisho wa mwenzako uwe mstari wako wa kwanza.

Hatua ya 8: Shairi likija na maumivu

Kuna siku mtu ataleta shairi ambalo si zoezi. Amefiwa, ameachwa, anaumwa. Usihesabu mizani siku hiyo hata kama imepotea yote. Mwambie pole, taja mstari mmoja, na kama ni marehemu anayemwandikia muulize alikuwa mtu wa namna gani, watu waliofiwa wanatamani kuulizwa na wengine wote wanaogopa kuuliza. Kuhariri kutakuja mwezi ujao, mwenyewe atakwambia akiwa tayari.

Ila likiwa shairi linaloongelea kutaka kufa, kuaga, kuchoka na maisha, usimalizie na imoji ya moyo. Ni kweli washairi wanaandika kifo bila kukitaka, lakini huwezi kujua bila kuuliza. Nenda inboksi, au bora umpigie, muulize waziwazi, "Ndugu yangu shairi lako limenigusa, nataka kukuuliza, una mawazo ya kujiua?" Kumuuliza mtu hivyo hakumpandikizii wazo, wataalamu wa afya ya akili wanalisema hilo kila siku, na wengi wanapumua wakiulizwa. Akisema ndiyo usibaki na siri hiyo peke yako, msaidie kumpata mtu wa karibu aliye naye hapo alipo, hospitali au namba ya dharura ya kwao, na uendelee kuwa naye kwenye simu. Ushairi unasaidia sana lakini siku kama hiyo anahitaji watu.

Hatua ya 9: Linda kazi za wenzako kama zako

Shairi la rafiki halitoki grupuni bila ruhusa. Akiruhusu, jina lake linaenda nalo. Andikeni jina na mwaka chini ya kila shairi, kwenye maandishi yale yale, maana maelezo ya juu ndiyo yanakatwa kwanza watu wakifowadi. Kisheria, nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, na ni nchi nyingi sana za dunia, hakimiliki inakuwa yako toka ulipoliandika shairi, haisubiri usajili. Ukikuta shairi la rafiki limewekwa jina la mtu mwingine, piga skrinshoti yenye tarehe, mwambie mwenyewe kwanza, yeye ndiye ataamua kama anamwandikia mhusika au anaripoti, usimwanzishie vita ambavyo hakuviomba.

Halafu hili wengi hawalijui mpaka lishawaumiza, majarida na mashindano mengi yanalihesabu shairi uliloliposti hadharani kuwa limeshachapishwa, hivyo hawalipokei. Kama una mpango nalo soma masharti yao kwanza, liweke kwenye grupu lililofungwa, na mkumbushe rafiki anayekaribia kuposti shairi lake zuri kuliko yote.

Hatua ya 10: Kuwa macho na wanaokuja kwa sifa

Wapo wanaokuja inboksi na sifa nyingi mno. Wa kwanza anakwambia shairi lako limechaguliwa kwenye kitabu, baadaye unagundua limechaguliwa la kila mtu na ili ulione lazima ununue nakala. Wa pili anataka ada ya "uhariri" hata hajataja mstari mmoja uliouandika. Wa tatu, baada ya siku mbili za mashairi, anaomba picha. Rafiki wa ushairi anazungumzia ushairi. Kama wewe bado ni kijana mdogo na mtu mzima anataka mazungumzo yenu yawe siri, mwambie mzazi au mlezi siku hiyo hiyo. Na admini wa grupu usione haya kumtoa mtu, mmoja anayewasumbua wadada inboksi anaweza kukimbiza washairi watano wazuri kimyakimya.

Hatua ya 11: Mwenzako akishinda

Mpongeze siku hiyo hiyo kabla wivu haujapata nafasi ya kukushauri, lisome tena shairi lililoshinda, na umuulize alilihariri vipi. Wivu ni wa kawaida, kila anayeandika anaujua, ila ukikaa nao siku tatu unaanza kuonekana kwenye komenti zako.

Hatua ya 12: Mfuate aliyenyamaza

Kila grupu lina mtu aliyekuwa anaandika kila wiki halafu akapotea. Wengine wanamtania hadharani, "malenga umekauka?", na yeye ndo anazidi kujificha. Mwandikie pembeni, kitu kifupi kisichomdai kitu, na kiwe na mstari wake ndani, kwa mfano, "Habari za siku dada. Sijaja kudai shairi. Jana nimeukumbuka ule mstari wako wa jua linalochelewa kuamka, nikasema nikusalimie. Mnaendeleaje hapo?" Usimtumie kila siku. Mara moja, halafu baada ya wiki chache mara nyingine.

Akirudi mara nyingi atarudi na kitu kifupi, kina makosa, na atakiomba radhi. Usimfanyie sherehe kubwa mpaka aone aibu na usimwambie alikuwa anaandika vizuri zaidi zamani. Soma alicholeta, nakili mstari mmoja, mwambie umekufanya nini, muulize swali lako moja.